Nota nne za "Zombie" na swali la mpiga ngoma wetu

Kwenye ukurasa huu tunaandika sana juu ya kazi, memwari na mambo ya shamba. Leo naomba niandike juu ya wimbo mmoja wa roki, juu yake umenisumbua miezi mitatu mizima. Mimi ni mtu wa agronomia, muziki sikuusoma shuleni. Lakini napiga gitaa la besi tangu nikiwa kijana wa kwaya, na huu ni wimbo wa kwanza ulionionyesha kwamba besi inaweza kusema jambo ambalo maneno ya wimbo hayasemi.

Mambo yalianza hivi. Vijana wa hapa waliandaa jioni ya muziki, na kikundi chetu kidogo kikaombwa nyimbo nne. Sisi tuko watu wanne: mwimbaji, ambaye ni dada mmoja mwalimu wa shule ya msingi, mpiga gitaa, mpiga ngoma, na mimi. Tatu tulikuwa nazo tayari. Ya nne, dada akasema: "Mimi nataka Zombie, ile ya Cranberries." Alikuwa nayo kwenye simu tangu Bunia, wakati wa masomo. Wote tukakubali haraka, juu ya kila mtu aliijua. Kumbe hakuna aliyeijua.

Kwanza tuseme wimbo wenyewe ni nini. The Cranberries ni kundi la Limerick, Ireland. Dolores O'Riordan alikuwa mwimbaji, Noel Hogan gitaa, ndugu yake Mike Hogan besi, na Fergal Lawler ngoma. O'Riordan aliandika "Zombie" baada ya mabomu ya Warrington, mji wa Uingereza, tarehe 20 Machi 1993. Wapiganaji wa IRA walikuwa wameficha mabomu ndani ya mapipa ya takataka, kwenye barabara ya maduka, siku ya Jumamosi. Watoto wawili walikufa, mmoja wa miaka 3, mwingine wa miaka 12. Wimbo, ambao uko kwenye albamu "No Need to Argue", ulitoka Septemba 1994, wiki chache tu baada ya IRA kutangaza kusimamisha vita. O'Riordan mwenyewe alifariki London tarehe 15 Januari 2018.

Watu wakiongea juu ya wimbo huu, wanaongea juu ya sauti yake: ile sauti inayovunjika katikati na kugeuka kuwa kilio. Wana haki. Lakini mimi kazi yangu ilikuwa chini, kwenye kamba nne nene, na huko chini nilikutana na wimbo mwingine.

Kuupata tu ilikuwa shida. Nilisikiliza kwa spika ya simu siku mbili nzima, besi sikuisikia. Nikafikiri masikio yangu yamechoka. Sababu iko wazi: Mi ya chini kabisa ya gitaa la besi inatetemeka kama mara 41 kwa sekunde, na spika ya simu ni ndogo mno kutoa mtetemo wa polepole hivyo. Inakupa tu kivuli cha nota, zile sauti za juu zake. Nikaazima kaske kubwa kwa rafiki. Usiku ule ndipo niligundua kwamba wimbo niliousikia miaka yote ulikuwa hauna miguu.

Na miguu yenyewe ni nota nne: Mi, Do, Sol, Fa dieze. Basi. Mi ni kamba ya chini bila kubonyeza kitu. Do iko kwenye kamba ya La, chumba cha tatu. Sol iko kwenye kamba ya Mi, chumba cha tatu. Fa dieze iko pale pale, chumba cha pili. Kila nota inatawala mapigo manne, halafu inayofuata, halafu unarudi Mi. Mwendo ni kama mapigo 84 kwa dakika, mwendo wa mtu anayetembea amebeba mzigo. Wimbo una dakika tano na kidogo, kwa hiyo duara lile linarudi zaidi ya mara ishirini. Ubeti ni zile zile. Kiitikio ni zile zile. Gitaa linatoka kwenye upole linaingia kwenye kelele kubwa, sauti inapanda, ngoma zinapigwa kwa hasira, na chini nota nne hazihami.

Mtu anayejifunza atasema: rahisi! Ndivyo nilivyosema mimi. Katika wiki mbili nilikosea mara mbili, na makosa hayo ndiyo yalinifundisha kuusikia wimbo.

Kosa la kwanza lilikuwa kwenye nota ya nne. Karatasi ya akodi niliyopewa iliandika Mi minere, Do, Sol, Re. Mimi nikapiga Re. Mpiga gitaa hakulalamika, maana Re ilikuwa ndani ya akodi yake. Lakini wimbo ukawa na furaha fulani ya ajabu, kama wimbo wa kambi ya vijana. Nikarudi kwenye kaske. Ndipo nikasikia kwamba gitaa likifika pale, besi inakaa Fa dieze. Tofauti ni kubwa. Ukipiga Re, unaruka kutoka Sol, unatua mahali imara, unapumua. Ukipiga Fa dieze, unashuka ngazi moja kutoka Sol, nusu hatua tu, halafu ngazi nyingine hadi Mi. Sol, Fa dieze, Mi. Ni kushuka, na mwisho wa kushuka ni pale pale ulipoanzia. Re inaonyesha mlango wa kutoka. Fa dieze inakurudisha ndani ya nyumba.

Kosa la pili ni la kwetu kabisa. Sisi Wakongomani tumelelewa na sebene. Besi ya sebene inacheza: inaruka pigo, inajibu gitaa la solo, inasukuma mguu wa mchezaji. Ukimsikiliza Ngouma Lokito wa Soukous Stars, unaelewa kwa nini besi kwetu si chombo cha nyuma. Basi mimi, nota nne ziliponichosha, nikaanza kuzipamba. Nikaweka kamruko kabla ya Do, kangazi kati ya Do na Sol. Wenzangu wakafurahi. Mpiga ngoma akacheka: "Enjenyeri, ule mtu wa Ireland akisikia hii atacheza dombolo!" Ndivyo wanavyotuita hapa sisi wa agronomia, enjenyeri. Tuliporekodi repetisio kwa simu na kusikiliza, dada mwimbaji akasema jambo moja: "Mimi nalia, wewe unacheza." Hapo nikaacha mapambo yote. Kupiga nota moja tu, kwa uzito mmoja, pigo kwa pigo, dakika tano, bila kuongeza kitu, ni kazi ngumu kuliko sebene. Vidole vinataka kukimbia.

Hapo ndipo naweka hoja yangu. Nguvu ya "Zombie" inatoka kwenye kutokubaliana kwa juu na chini. Juu, mtu analia kwamba jambo hili liishe. Chini, besi inaonyesha kwamba haliishi, linazunguka. Maneno yenyewe yanataja mwaka 1916, mwaka wa maasi ya Pasaka kule Dublin, na kutoka 1916 hadi Warrington ni miaka 77. Mwimbaji anaitaja historia ile mara moja. Besi inaipiga tangu mwanzo hadi mwisho. Ndiyo maana mtu akipamba besi anaharibu maana ya wimbo wote, na akipiga Re badala ya Fa dieze anadanganya.

Ningeishia hapa kama tungekuwa Limerick. Lakini tuko Aveba.

Wiki ya tatu ya repetisio, mpiga ngoma aliniomba nimtafsirie maneno. Yeye Kiingereza hana, na changu ni cha oditwari tu, lakini nikajitahidi. Nikamweleza juu ya mama anayeondolewa mtoto, juu ya vifaru na mabomu, juu ya vita inayoendelea ndani ya kichwa cha watu. Halafu nikafika kwenye neno la jina, nikamweleza zombi ni nini: maiti inayotembea, haina akili yake, inatumwa. Akanyamaza. Kisha akauliza: "Sasa zombi ndani ya hii nyimbo ni nani? Ni mimi?"

Jina lake siandiki. Niseme tu kwamba alipita porini akiwa bado kadogo, akarudi, na leo anafuga mbuzi na kupiga ngoma kanisani. Hapa si yeye peke yake. Nyinyi mnaosoma mkiwa Bunia mnajua barabara ya kwetu, kupitia Bogoro. Mnajua pia kilichotokea Bogoro tarehe 24 Februari 2003. Jina la Aveba limeandikwa mara nyingi katika hukumu ya Mahakama ya Kimataifa ya Jinai dhidi ya Germain Katanga, aliyekutwa na hatia Machi 2014 na kupewa miaka 12, maana hapa palikuwa makao ya wapiganaji. Mkataba kati ya serikali na FRPI ulitiwa sahihi Gety tarehe 28 Februari 2020. Sina nia ya kufungua kesi hapa. Nataka tu mwelewe kwamba swali la yule ndugu halikuwa la fasihi.

Na dada mwimbaji alikuwepo. Yeye alipoteza kaka yake katika vita ile. Akajibu kabla yangu, bila kupandisha sauti: "Kama neno linakuuma, hata mimi kuna mambo inaniuma. Mimi hii nyimbo niliichagua juu ya lile neno." Repetisio ikaisha. Kila mtu akaenda kwake.

Usiku ule nilisikiliza wimbo upya, sasa kama msomaji mkali. Nikaona udhaifu wake. Katika ubeti wa kwanza sauti inajitoa, yenyewe na jamaa yake, kwenye hesabu ya wanaopigana. Wako wanaosikia pale sauti ya mtu asiyejali, ambaye mwimbaji anamshtaki kwa kutojali kwake. Inawezekana, na ingekuwa hoja nzuri. Lakini ukisikiliza wimbo wote, vita inabaki ndani ya kichwa cha mwingine, na yeye anayeimba amesimama nje. Mwandishi wa Limerick, kusini mwa kisiwa, aliweza kusimama nje kidogo. Hata kwao umbali ule uliwaletea maneno. Septemba 2023, mashabiki wa raga wa Ireland walipouimba kwa maelfu kule Stade de France baada ya kuwashinda Afrika Kusini, baadhi ya watu wa Ireland ya Kaskazini walilalamika kwamba wimbo unaongea juu ya vita yao bila kuwaelewa. Wengine wakajibu: ni wimbo wa watoto wawili waliokufa, mwacheni kila mtu aimbe. Pande zote mbili nazielewa. Aveba hakuna nje ya kusimama. Aliyepigana na aliyepigwa wanachota maji kwenye chemchemi moja, na mara nyingine ni mtu huyo huyo mmoja.

Nivumilieni nirudi shambani kidogo. Mnajua ugonjwa wa batobato wa mihogo, ule unaokunja majani na kuyatia madoa ya njano. Inzi weupe wanaubeba, lakini njia kubwa ni vipandikizi vyenyewe. Mtu anakata vijiti kwenye shamba la mwaka jana, anapanda, na ugonjwa tayari uko ndani ya kijiti. Yule mkulima si mchawi. Alipanda alichoachiwa. Lakini shamba lake litaugua, na jirani atakuja kuomba vijiti. Ukimwita mjinga hujaponya kitu. Ukisema hana kosa lolote, mwaka kesho atapanda tena vile vile. Besi ya Mike Hogan naisikia hivyo. Haimwiti mtu jina. Inaonyesha tu kijiti kinavyopita mkono hadi mkono, Mi hadi Mi. Neno la jina linamtafuta mwenye kosa. Besi inatafuta jinsi kosa linavyorudi. Ninaamini besi ina ukweli mkubwa zaidi, lakini haina machozi, na ninyi mnajua msiba bila machozi si msiba.

Baada ya siku nne tulirudi, wote wanne, bila mtu kumwita mwingine. Mpiga ngoma ndiye aliyeleta wazo. "Pale kwa neno, wewe nyamaza. Acha besi iite." Dada akafikiri. "Mara ya kwanza nitanyamaza. Ya mwisho nitaimba." Yeye akasema: "Sawa." Hicho ndicho kilikuwa kikao chetu chote cha amani.

Kwa hiyo tafsiri yetu ikawa hivi. Besi inaanza peke yake, duara mbili, bila gitaa wala ngoma. Ubeti unaimbwa kwa sauti ya chini. Kwenye kiitikio cha kwanza gitaa linaingia kwa nguvu kama kwenye rekodi, lakini mahali pa neno pana tundu, na ndani ya tundu mnasikia nota nne tu. Kwenye kiitikio cha mwisho dada anaimba neno zima. Mwendo hatukuubadilisha. Mpiga ngoma alikataa kabisa kukimbia, hata pale kelele inapokuwa kubwa na mikono ya kila mtu inataka kwenda mbele.

Jioni yenyewe ilikuwaje? Jenereta ilizima mara moja katikati ya wimbo wa pili, lakini ilituhurumia kwenye wa nne. Nilipoanza peke yangu, watu waliendelea kuongea. Walidhani napima ampli. Kwenye tundu la kwanza vijana waliojua wimbo walitaka kulijaza kwa kuimba, wakaona dada amefunga mdomo, wakafunga nao. Kijana mmoja akapaza sauti: "Mumesahau maneno!" Kwenye kiitikio cha mwisho dada aliimba neno lile, na sikuthubutu kumtazama mpiga ngoma. Nilimsikia tu. Alipiga kwa nguvu kuliko siku zote za repetisio, na hakukimbia hata nusu pigo. Mimi, kwa woga, katika duara la mwisho kabisa kidole kikaenda kwenye Re. Mlango ukafunguka pale ambapo hapakuwa na mlango. Hakuna aliyegundua isipokuwa sisi wanne.

Baadaye mama mmoja aliniuliza: "Ile nyimbo ni ya kanisa gani?" Sikucheka. Na yule kijana wa "mumesahau maneno" alinifuata hadi nje kunilaumu kwamba tumeukata wimbo, kwamba hasira ya O'Riordan ndiyo wimbo wenyewe na sisi tumeitia maji. Nakubali nusu. Kilio cha watoto wa Warrington hakikustahili kunyamazishwa na mtu yeyote, na kama tungelifuta neno hadi mwisho, tungekuwa tumemwambia dada kwamba uchungu wake ni wa kuficha. Nusu nyingine nakataa. Wimbo uliopigwa mbele ya watu unawajibika kwa watu walio mbele yake. Rekodi ya 1994 iko kwenye simu yake, anaweza kuisikiliza hata leo, lakini namuomba aazime kaske.

Kwa wale wenu mnaopiga besi na mnataka kujaribu: bila umeme, bana kichwa cha gitaa kwenye kabati au mlango wa mbao, mbao itawapa sauti ya chini ambayo simu haiwapi. Pigeni nota nne peke yake nusu saa kabla ya kuleta wimbo. Msipambe. Na nota ya nne ni Fa dieze, hata karatasi ikiandika Re.

Wiki ijayo tuna repetisio tena. Dada ameomba wimbo ubaki kwenye orodha. Nilimuuliza mpiga ngoma kama anakubali. Akajibu: "Nakubali. Lakini wewe, ile Re yako, usirudie."